Presha kushuka mara baada ya nusukaputi: vena kava inakuambia nini, na inanyamazia nini

SWALI: Kamwene daktari. Mimi ni muuguzi mtaalamu wa usingizi katika hospitali ya halmashauri mkoani Njombe. Kwa wagonjwa wengi, hasa wazee na wale wanaoletwa na tumbo la ghafla, presha inaporomoka dakika mbili tatu baada ya propofoli (dawa ya sindano ya kulaza), daktari wa upasuaji akiwa bado ananawa. Tuna mashine moja ya ultrasaundi ya kliniki ya wajawazito ambayo tunaweza kuiazima asubuhi. Nimesikia kwamba ukipima mshipa mkubwa wa tumboni unajua mapema nani atashuka. Je, ni kweli? Unapimwaje, namba ipi ni ya hatari, na nikishaipata nifanye nini?

JIBU: Kamwene ndugu yangu.

Ni kweli, ila kwa upande mmoja kuliko mwingine. Vena kava ya chini, yaani huo mshipa unaorudisha moyoni damu ya miguu na tumbo, ikinywea sana mgonjwa anapovuta pumzi ya kawaida, jiandae, kwa sababu uwezekano wa presha kuanguka ni mkubwa. Lakini ikionekana imejaa na kutulia, usidhani umepewa ruhusa ya kusukuma propofoli yote kwa mkupuo. Wapo wengi watakaoshuka huku vena kava yao ikiwa nzuri tu, na sababu iko kwenye dawa zenyewe.

Propofoli inaangusha presha kwa njia tatu kwa pamoja: inalegeza ateri ndogo, inalegeza vena hadi damu ituame huko badala ya kurudi moyoni, na inapunguza nguvu ya moyo. Thiopentoni, dawa nyingine ya sindano ya kulaza, nayo inashusha kwa namna inayofanana, na halotheni, dawa ya usingizi ya kuvuta, ukiifungulia mapema inaongezea mzigo juu ya moyo. Kisha unaweka mrija wa hewa kooni na kuanza kumpulizia hewa. Shinikizo ndani ya kifua linapanda na damu inayorudi moyoni inapungua tena. Mgonjwa aliyepungukiwa maji au damu alikuwa akiishikilia presha yake kwa kubana mishipa. Ndiyo maana kabla ya dawa unasoma 118/74 na kuridhika, na dakika mbili baadaye unasoma 70/38. Katika dakika hizo mbili hakupoteza hata kijiko cha damu. Dawa imeachia mbano uliokuwa ukificha upungufu.

Ultrasaundi inaona sehemu moja tu ya mambo hayo, yaani jinsi vena kuu ilivyojaa. Haioni ateri zitalegea kiasi gani, wala haijui utasukuma dawa kwa kasi gani.

Takwimu inayonukuliwa zaidi ni ya Zhang na Critchley, waliochapisha mwaka 2016 katika jarida la Anesthesiology. Walianza na wagonjwa 104, wakashindwa kupata picha nzuri ya vena kava kwa asilimia 13.5 yao, wakabaki na 90. Kati ya hao 90, presha ilishuka kwa 42. Mpaka walioupata ni asilimia 43 ya kunywea, yaani kipenyo cha mshipa kupungua kwa asilimia 43 mgonjwa anapovuta pumzi: akiuvuka, anahesabiwa mwenye hatari. Kwa mpaka huo walinasa takriban wagonjwa 33 kati ya 42 walioshuka, na wakawaweka sawasawa takriban 44 kati ya 48 ambao hawakushuka. Kipenyo peke yake, kwa mpaka wa sentimita 1.8, hakikufanya vizuri hivyo. Tafiti zilizofuata hazikuwa na matokeo mazuri kiasi hicho. Nyingine zilitumia mpaka wa 50 na zikawakosa wengi walioshuka. Kwa hiyo ukisoma mahali kwamba kipimo hiki "kinatabiri kwa usahihi wa juu", jiulize ni wagonjwa gani waliopimwa, na kwa dawa gani.

Tena namba hizo zinabadilika maana kulingana na nani amelala mezani. Chukua vijana 100 wenye afya wanaokuja kwa ngiri, na tuseme 10 kati yao watashuka. Kwa usahihi uleule wa 2016 utanasa 8, utawakosa 2, na utawapa tahadhari ya bure 7 au 8 wengine. Nusu ya tahadhari zako zitakuwa hewa. Kwa wazee wenye utumbo kuziba ambao zaidi ya nusu yao watashuka, tahadhari ileile karibu kila mara itakuwa ya kweli. Hao ndio wa kuwaazimia mashine. Kijana wa ngiri mwache, mpe dawa taratibu.

Sasa kupima.

Tumia proba (kifaa cha mkononi cha ultrasaundi) ya tumbo, ile yenye uso uliobinuka ambayo kliniki wanaitumia kwa wajawazito. Badilisha mpangilio wa mashine kutoka ujauzito kwenda tumbo, weka kina cha sentimita 14 hivi, kisha rekebisha. Mgonjwa alale chali kabisa, bila mto mkubwa, magoti yakunjwe kidogo ili tumbo lilegee, na akae hivyo dakika tatu hadi tano kabla hujapima. Kipimo kifanyike kabla ya dawa yoyote ya usingizi, akiwa anapumua mwenyewe. Jeli ipashe moto kwa kuizamisha chupa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu. Kwa baridi ya Njombe si suala la starehe tu: jeli baridi inamfanya mgonjwa akaze tumbo na kushika pumzi, na hapo kipimo kimeshaharibika.

Weka proba kwenye chembe cha moyo, chini tu ya ncha ya kidari, alama ikielekea kichwani, kisha isogeze sentimita moja au mbili kuelekea kulia kwa mgonjwa. Utaona ini, na nyuma yake bomba jeusi linalopanda na kuingia kwenye chemba ya juu ya kulia ya moyo. Usipoona linaingia moyoni, bado hujathibitisha kuwa ni vena kava. Kosa la kwanza la kila anayeanza ni kupima aota. Aota iko upande wa kushoto, ukuta wake ni mnene na unang'aa, inadunda kwa mpigo mkali, na haiingii chemba ya kulia. Vena kava inapokea vena za ini karibu na juu, na ukuta wake mwembamba unacheza na pumzi.

Ukishaipata, weka mstari wa modi ya M (inayoonyesha mwendo wa mshipa kwenye mstari mmoja kadiri muda unavyopita) umbali wa sentimita 2 hivi kutoka inapoingia moyoni, karibu na mahali vena ya ini inapojiunga. Mstari huo uikate vena kava kwa pembe mraba. Ukiikata mshazari, kipenyo kitakuwa kikubwa kuliko ukweli. Mashine nyingi za kliniki haziruhusu kuupinda mstari wa modi ya M. Kama yako ni hivyo, iache modi ya M, gandisha picha ya kawaida, zungusha nyuma picha zilizohifadhiwa, na upime kwa alama za mashine pale mshipa ulipo mpana zaidi na pale ulipo mwembamba zaidi. Pima kutoka ukingo wa ndani hadi ukingo wa ndani, kwa pumzi tatu, uchukue wastani.

Hesabu ni hii: kipenyo kikubwa toa kipenyo kidogo, gawanya kwa kipenyo kikubwa, zidisha kwa 100. Sentimita 1.6 ikinywea hadi 0.8 ni asilimia 50. Sentimita 1.9 ikinywea hadi 1.4 ni asilimia 26.

Pumzi ndiyo inayoharibu vipimo vingi kuliko kitu kingine. Usimwambie mgonjwa "vuta pumzi ndefu", kwa sababu mtu mwenye afya tele akivuta kwa nguvu vena kava yake inaweza kunywea kupita nusu. Ongea naye habari za nyumbani, mwache apumue anavyopumua, upime katikati ya hapo. Mwenye maumivu makali anapumua juu juu na kwa haraka, hivyo kunywea kutaonekana kudogo hata kama amekauka. Anayehema kwa shida naye atavuta kwa nguvu na kukupa asilimia kubwa ya uongo. Kwa wote wawili andika kwamba kipimo hakiaminiki, usitafute namba kwa nguvu.

Kuna hila nyingine ambayo hata wazoefu inawapiga chenga. Mgonjwa akivuta pumzi, vena kava nzima inahama kidogo pembeni na kushuka. Proba yako ikibaki palepale, mstari unatoka katikati ya mshipa na kuukata ukingoni, na wewe unaandika kwamba umenywea. Tiba yake ni kugeuza proba robo mzunguko uone mshipa kwa upana wake, kama duara au yai. Ukinywea kweli, duara linabonyea na kuwa mfuto. Ukiwa unahama tu, duara linatembea bila kupungua. Na usigandamize proba: uzito wa mkono wako unatosha kubana vena kava ya mtu mwembamba.

Tumbo likijaa gesi hutaona kitu kutoka mbele. Unaweza kupita ubavuni kulia, katikati ya mbavu, ukitumia ini kama dirisha. Picha inapatikana, ila vipimo vya ubavuni havilingani na vya mbele, kwa hiyo usivitumie na mpaka uleule wa 43. Tumbo lililovimba kwa majimaji au kwa usaha nalo linaibana vena kava kutoka nje, na inaonekana bapa hata kama damu ipo ya kutosha. Kwa wagonjwa wako wa tumbo la ghafla hili ni tatizo la kila siku. Bahati nzuri, wengi wao wamekauka kweli, hivyo ukikosea utakuwa umekosea upande wa tahadhari. Mjamzito wa miezi ya mwisho mtoe kabisa kwenye hesabu hii, maana mji wa mimba unailalia vena kava akilala chali. Yeye anahitaji kuinamishwa kushoto nyuzi 15 na dawa ya kupandisha presha iwe mkononi, hata usipopima kitu.

Kabla hujaondoa proba, iinamishe ielekee juu, upande wa bega la kushoto, uutazame moyo. Hapa ndipo naona mashine ya kuazima inalipa zaidi kuliko kwenye asilimia yenyewe. Mikoa yetu ya nyanda za juu kusini, Njombe ikiwa juu kabisa, ina maambukizi mengi ya VVU kuliko sehemu kubwa ya nchi, na pamoja nayo kifua kikuu, ambacho kinaweza kujaza maji kwenye mfuko wa moyo. Vena kava nene isiyonywea, na ukanda mweusi umeuzunguka moyo: huyo ukimpa propofoli na kumpulizia hewa kwa shinikizo, moyo unaweza kusimama mezani. Anatakiwa kutolewa maji hayo kwanza kwa ganzi ya sehemu, akiwa macho na anapumua mwenyewe. Kuna pia mama aliyejifungua karibuni akiwa na moyo uliopanuka na kulegea, na kijana mwenye valvu iliyoharibiwa na homa ya baridi yabisi. Wote hao vena kava inaweza kuwa zaidi ya sentimita 2.1 na kunywea kidogo sana hata wakivuta kwa pua kwa nguvu, dalili inayotumiwa na wataalamu wa moyo kukisia shinikizo kubwa upande wa kulia. Ukisoma asilimia 10 ukadhani "huyu yuko salama", umesoma kinyume. Presha yake itaanguka kwa sababu pampu ni dhaifu, na dripu ya haraka itamjaza maji mapafu. Kama si dharura, mgonjwa wa namna hiyo apelekwe panapopimwa moyo kikamilifu, kwa mfano Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya.

Sasa tuseme mzee wako wa utumbo kuziba ana kipenyo cha sentimita 1.2 na kunywea kwa asilimia 60. Anza na sababu. Ametapika siku ngapi? Mkojo wa mwisho lini? Anatumia vidonge vya kukojoza? Amemeza enalapril au losartan, dawa za presha ya kupanda, asubuhi hiyo? Dawa hizo mbili zinaifanya presha iwe ngumu kupanda baada ya usingizi, na vena kava haitakuambia lolote kuzihusu. Weka kanula nene, ya kijani au ya kijivu, si ile nyembamba ya bluu. Mpe Ringa lakteti mililita 250 kwa dakika 10, sikiliza mapafu, tazama mapigo, pima tena. Kama bado inanywea na mapafu ni safi, rudia. Usiifukuzie namba. Lengo si kuishusha chini ya 43 kwa gharama yoyote, kwani maji yanayozidi yana madhara yake kwenye utumbo ulioshonwa na kwenye mapafu ya mzee. Mapigo yakishuka, mkojo ukianza kuja na vidole vikipata joto, inatosha. Na kama anavuja damu ndani, usimcheleweshe nje ya chumba cha upasuaji kwa ajili ya kupima. Yule ni wa kufunguliwa.

Upande wa dawa ndipo penye kinga kubwa. Propofoli ya miligramu 2 kwa kilo kwa mkupuo ni ya kijana mwenye afya. Kwa mzee mpe miligramu 10 hadi 20, subiri sekunde 30, mwite jina, ongeza. Kwa mzee damu inachukua muda kufika kwenye ubongo, na wengi wanazidisha dozi kwa kutosubiri tu. Mara nyingi atalala kabla hujafika miligramu 1 kwa kilo. Ketamini ya miligramu 1 kwa kilo ni chaguo zuri kwa aliyekauka, nayo ipo karibu kila hospitali. Ila kumbuka kwamba ketamini inashikilia presha kwa kuusukuma mfumo wa mwili wa kujihami. Mgonjwa aliyepigana na mshtuko kwa saa nyingi, aliyekwisha kuchoka, hana cha kusukumwa, na hapo ketamini nayo inaudhoofisha moyo. Kwake punguza hadi nusu miligramu kwa kilo. Halotheni au isofluraini ifungulie polepole, na pumzi za mfuko ziwe ndogo na za utulivu.

Dawa ya kupandisha presha ichanganywe kabla, iandikwe jina na kipimo kwenye sirinji, iwe mezani. Efedrini: ampuli ya miligramu 30 iongezewe salini hadi mililita 10, kila mililita inakuwa na miligramu 3, mpe mililita 1 hadi 2 kwa wakati. Soma ampuli kila mara, maana zipo za nguvu tofauti. Finilefrini ikiwepo: miligramu 10 kwenye salini ya mililita 100, kila mililita ni mikrogramu 100, mpe nusu hadi moja, inafaa mapigo yakiwa ya haraka, haifai yakiwa ya polepole. Kama huna hata moja, adrenalini haikosekani: miligramu 1 kwenye chupa ya salini ya mililita 100, kila mililita ni mikrogramu 10, mpe nusu mililita hadi moja. Kosa linaloua hapa ni kuichanganya kwenye sirinji ya mililita 10 na kuisahau kwamba sasa kila mililita ni mikrogramu 100. Chupa hiyo iandike kwa kalamu nene, na isitundikwe kwenye stendi moja na dripu ya kawaida.

Kifaa cha presha kiwekwe kupima kila dakika 1 tangu unapoanza dawa hadi ngozi inapokatwa. Kila dakika 5 haitoshi, kwa sababu anguko lote linaweza kutokea katikati. Tazama wastani wa presha, si namba ya juu peke yake. Mashine isipouonyesha, chukua namba ya chini mara mbili, jumlisha na namba ya juu mara moja, ugawanye kwa 3. Ukifika 65, au ukishuka karibu theluthi moja ya alivyokuwa wodini, chukua hatua. Uchambuzi wa Walsh na wenzake wa 2013, uliopitia operesheni zaidi ya 33,000 huko Cleveland, Marekani, ulionyesha kwamba hata dakika 1 hadi 5 za wastani chini ya 55 ziliambatana na madhara ya figo na ya moyo. Presha ya wodini ndiyo ya kulinganishia. Ile ya kwenye meza usiiamini sana: mwezi wa sita na wa saba mgonjwa anafika akiwa amegandamana kwa baridi, mishipa imebana, na namba inapendeza kuliko hali yake. Akiwa anatetemeka, hata mashine yenyewe inasoma vibaya. Mfunike blanketi tangu wodini.

Baada ya mrija kuwekwa, usirudi na kipimo kilekile. Anayepuliziwa hewa mambo yake ni kinyume: vena kava inapanuka hewa inapoingia badala ya kunywea, na mipaka yake ni mingine. Vilevile kipimo cha asubuhi hakikuambii lolote kuhusu presha itakayoshuka saa moja baadaye kwa kuvuja damu. Dirisha lake ni dakika 10 au 15 za mwanzo.

Wapo wanaopima mkondo wa damu kwenye ateri ya shingo, na wapo wanaopima vena iliyo chini ya mtulinga, ambayo inasaidia tumbo lisipogusika. Vyote vina ahadi, lakini mipaka yake inatofautiana sana kati ya utafiti na utafiti, na cha shingoni kinahitaji mashine yenye Doppler, yaani uwezo wa kupima kasi ya damu, na mkono uliozoea. Baki na vena kava kwanza.

Na siku mashine haipo, maswali yanakufikisha mbali. Reich na wenzake mwaka 2005 walipitia kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya 4,000 wakakuta wanaoshuka vibaya katika dakika 10 za mwanzo ni hasa wenye miaka 50 na kuendelea, wenye daraja la ASA (kipimo cha hali ya afya ya mgonjwa kabla ya usingizi) la 3 au zaidi, walioanza na wastani wa presha chini ya 70, waliopewa propofoli, na waliopewa fentanili, dawa kali ya maumivu, kwa wingi. Yote hayo unayajua kabla hujagusa jeli. Ongezea swali la tangu lini hajanywa maji. Agizo la "asile wala asinywe kuanzia saa mbili usiku" bado limeenea wodini, na mgonjwa wa tatu kwenye orodha anaingia saa nane mchana akiwa na saa 18 bila tone. Kwa operesheni ya kupangwa, kwa mtu mzima asiye na tatizo la tumbo, chakula chepesi ni saa 6 kabla, lakini maji na chai ya rangi isiyo na maziwa anaruhusiwa hadi saa 2 kabla. Uji, togwa na maziwa ni chakula. Ulanzi, kwa kuwa lazima yupo atakayeuliza, si maji. Kulibadilisha agizo hilo kutawajaza vena kava wagonjwa wengi zaidi kuliko utakaowapima.

Ukianza, usianze na mgonjwa mahututi. Pima wa orodha ya kawaida, ukimwomba mtaalamu wa picha wa hospitali yenu akae nawe mara chache za mwanzo athibitishe kwamba hupimi aota. Kwenye fomu ya usingizi ongeza mistari minne: kipenyo kikubwa, asilimia ya kunywea, dozi ya propofoli kwa kilo, na wastani wa chini kabisa wa presha katika dakika 10 za mwanzo. Baada ya miezi michache utakuwa na mpaka wa wagonjwa wako mwenyewe, ambao huenda usiwe 43. Waandike pia wale ambao picha haikupatikana, na sababu yake, kwa sababu ukiwaacha nje mpaka wako utaonekana mzuri kuliko ulivyo.